Tumbo Dogo Katika Nyumba ya Sinia Moja

Katika kata ya Masanze, wilayani Kilosa, kama ilivyo katika vijiji vingi vinavyofuatana toka hapo kwenda Mikumi, mtu apitaye mlangoni wakati wa chakula hukaribishwa, na akikaribishwa hunawa, na akinawa hula. Na mwenyeji humhimiza aongeze tonge, kwa kuwa kumwacha mgeni aondoke na njaa ni fedheha, na mgeni kukataa chakula pasipo sababu ni karibu sawa na kumtuhumu mwenye nyumba. Ada hii ni njema, wala sikusudii kuivunja. Lakini wamezuka miongoni mwetu watu ambao ada hii huwapa adha kubwa ingawa hakuna anayewatakia shari: nao ni wale waliokwenda Dar es Salaam, au ng'ambo, wakapunguzwa tumbo kwa mkono wa tabibu, kisha wakarejea kwa ahali zao na tumbo lisilopokea zaidi ya nusu ya kikombe cha chai.

Matibabu haya si mageni duniani. Tangu mwaka 1966 Edward Mason, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alianza kuwapasua watu wanene kupita kiasi kwa njia ambayo nyingi za leo zimetokana nayo. Kwetu yalikuwa ni ya wenye uwezo wa kusafiri, mpaka Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, ilipoanza mwaka 2022 kuwawekea watu puto tumboni, na baadaye kufanya upasuaji wenyewe. Haja ilikuwapo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 uliona kwamba wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliopita kiasi, na Profesa Mohamed Janabi, tabibu wa moyo aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alisikika nchi nzima akiwasihi watu wapunguze wanga na sukari.

Si kila mnene anayestahili kisu. Matabibu hugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jawabu likifika 40, au 35 pamoja na maradhi kama kisukari na shinikizo la damu, ndipo kwa kawaida upasuaji hufikiriwa, ingawa miongozo mipya ya mwaka 2022 imelegeza vipimo hivyo. Mwanamke wa mita 1.60, kwa mfano, hufika 40 akiwa na kilo 103 hivi.

Puto si upasuaji. Huingizwa kwa njia ya kinywa, hujazwa maji ya chumvi, na aghalabu hutolewa baada ya miezi 6, na likishatolewa hakibaki kitu ila mazoea aliyoyapata mwenyewe. Upasuaji ufanywao zaidi duniani siku hizi ni ule wa kukata na kuondoa kiasi cha sehemu 80 katika 100 za tumbo, likabaki jembamba mithili ya ndizi mbichi. Sehemu iondolewayo ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa iitwayo grelini, na kwa sababu hiyo mtu hushangaa kuona kwamba katika miezi ya mwanzo hana hamu ya kula hata kidogo. Njaa hurudi baadaye, na afadhali aambiwe mapema kwamba itarudi. Upasuaji wa pili hufanya kijifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, na chakula kikachepushwa moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba. Mtu wa kilo 120 aliyefanyiwa mmoja wa upasuaji huo wa aina mbili anaweza kupungua kilo 30 au zaidi katika mwaka mmoja na nusu. Kazi ya kisu huisha kwa saa chache; iliyobaki yote ni ya jikoni na mkekani, na mimi nashikilia kwamba mpishi wa nyumba hiyo, awe mke au mama au binti, ilimpasa aketi mbele ya afisa lishe pamoja na mgonjwa kabla ya siku ya upasuaji, maana hukumu ya kila siku iko mikononi mwake.

Wiki ya kwanza ni ya maji na supu iliyochujwa, kwa kunywa funda ndogo ndogo. Wiki ya pili huongezwa maziwa, mtindi usiotiwa sukari, na uji mwepesi uliopita kwenye chujio. Wiki ya tatu na ya nne ni za vyakula vilivyopondwa vikawa laini kabisa: maharage yaliyovuliwa maganda, yai laini lililopikwa kwa moto mdogo, samaki aliyetolewa miiba na kulainishwa kwa mchuzi. Wiki ya tano na ya sita huja vyakula laini vya kutafuna, na baada ya miezi miwili hivi mtu hurejea polepole kwenye chakula cha watu wote. Kila hospitali ina ratiba yake, na ya hospitali iliyompasua mtu ndiyo ya kufuatwa. Anayeiruka kwa kuwa anajisikia mzima huhatarisha mshono ulio ndani, usioonekana na mtu.

Sasa tumtazame akila. Mbele yake pana kibakuli chenye maharage ya kupondwa yaliyopikwa kwa kitunguu na nyanya, pasipo mafuta mengi, na kijiko kidogo cha chai. Anachukua nusu kijiko, anatafuna hata kama hakuna cha kutafuna, anameza, na anakiweka kijiko chini. Anangoja. Nusu saa inapita na kibakuli hakijaisha, ilhali wenziwe wamekwisha nawa na kuondoka. Kisha inamjia ishara, nayo si shibe aliyoizoea zamani: uzito chini ya chembe cha moyo, kwikwi moja, pengine kamasi jepesi puani. Hapo ndipo mwisho. Kijiko kimoja tu zaidi, hata kikiwa cha heshima kwa mpishi aliyesimama mlangoni akiuliza kama chakula ni kibaya, kitamletea maumivu na kutapika.

Ugali ndio mtihani mkubwa. Tonge la kawaida, lililofinywa kiganjani na kutiwa shimo la kuchotea mchuzi, ni zito, hunata, na huvimba likilowa. Kwa tumbo jipya laweza kukwama kama lilivyo. Hali ni hiyo hiyo kwa wali mkavu, mkate na nyama ngumu. Si kwamba ugali umeharamishwa daima. Baada ya miezi kadhaa wengi huweza kuula, lakini tonge liwe kama punje ya harage, lilowe mchuzi au mlenda, na lije mwisho, baada ya kitoweo. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa watu wetu, kwani tumelelewa kuhesabu kwamba aliyekula ugali kwa mchuzi wa chumvi amekula, na aliyekula samaki watupu hajala. Na sasa mtu huyu lazima aanze na samaki, afuatishe mboga za majani, na ugali uchukue nafasi itakayosalia, kama itasalia.

Na hapa lipo jambo la sinia. Penye mikono sita au saba inayoshindana, asiyeharakisha hukosa kitoweo, na anayeharakisha akiwa na tumbo la namna hii huumia. Shauri langu ni kwamba apakuliwe mapema kwenye kisahani chake, kitoweo kikiwa nusu ya sahani, lakini akae mkeka ule ule na wenziwe, asitengwe chumbani kama mwenye maradhi ya kuambukiza. Nyumba nyingine humwekea chakula chake saa yake peke yake, wakidhani wanamhurumia, naye akabaki akila kwa simanzi. Kula pamoja na watu ni sehemu ya siha.

Wengine hudhani chakula cha mtu huyu lazima kinunuliwe kwenye maduka makubwa ya mjini, katika makopo ya unga wa protini. Unga huo wafaa wiki za mwanzo kwa anayeupata, lakini hesabu yake yawezekana hata Masanze. Mtu aliyepunguzwa tumbo anahitaji gramu 60 za protini kwa siku, kwa uchache, la sivyo mwili wake utakula nyama yake wenyewe. Mayai mawili yana gramu 12. Vikombe viwili vya maziwa, 16. Dagaa wakavu gramu 30, waliotolewa vichwa na kutwangwa kinuni wakawa unga wa kunyunyizia kwenye uji au mboga, wana kama 18. Nusu kikombe cha maharage, 7, na kipande kidogo cha samaki au kuku, 10. Jumla ni 63. Kwa tumbo dogo hayo hayaliki kwa mlo mmoja wala miwili, bali kwa mafungu matano au sita ya siku nzima, na huo ni ulezi wenye kuhitaji subira ya mama wa nyumba.

Sukari ni habari nyingine. Kidatu, si mbali na Mikumi, ndiko viliko viwanda vya sukari ya Kilombero, na chai yetu huku hunywewa tamu sana. Aliyechepushwa utumbo, na pengine hata aliyekatwa tumbo, akinywa kitu kitamu, sukari humshukia utumboni ghafula: moyo hupiga mbio, jasho humtoka, kichwa huzunguka, tumbo humsokota na kumharisha, akalazimika kulala chini. Mwezi wa Ramadhani hili huwa na uzito zaidi, kwa sababu futari zetu ni uji wa sukari, tambi na kaimati. Asifunge kabisa katika miezi ya mwanzo, na dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo waziwazi. Baadaye akitaka kufunga apate kwanza idhini ya tabibu wake, kwa maana saa za kufungua hazitoshi kwa wepesi kuingiza maji na protini anavyovihitaji.

Maji yenyewe yana sheria yake. Anywe lita moja na nusu kwa siku, lakini asinywe pamoja na chakula. Angoje nusu saa baada ya kula. Kwa hiyo chupa aende nayo shambani na kunywa funda baada ya funda, kwani jua la Kilosa halina huruma na hawezi tena kunywa kata nzima kwa mkupuo. Kutembea aanze mara tu anapoweza, hata siku ile ile ya upasuaji, ili damu isigande miguuni. Lakini ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20, na jembe si kitu chepesi: kwa wiki nne hadi sita mtu mwingine amtekee maji na kumpalilia.

Kisha huja maneno ya watu. Mwanamke aliyekuwa mnene, ambaye unene wake majirani walikuwa wakiusifu kuwa ni dalili ya kutunzwa, akipungua kilo 20 katika miezi minne, huku nywele zikimnyonyoka na ngozi ya mikono ikilegea, hawezi kukwepa kunong'onwa kwamba ana UKIMWI au amerogwa. Nywele hudondoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na aghalabu huota tena akila protini na kumeza vitamini zake. Ngozi iliyolegea haijirudi yote. Hana wajibu wa kumwonyesha kila mtu makovu yake, lakini awape ukweli watu wachache wenye kauli mtaani, nao watamjibia asipokuwapo. Huzuni nayo hutokea, hata kwa aliyefurahia upasuaji, kwa kuwa chakula kilikuwa liwazo lake na sasa kimeondoka kabla hajapata liwazo jingine. Wengine huigeukia pombe, na pombe humlewesha mtu wa tumbo hili upesi na kwa ukali kuliko zamani. Jamaa wakiona anajitenga, wamrejeshe kwa matabibu, wasimwambie kwamba alijitakia mwenyewe.

Mwanamke wa umri wa kuzaa asubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba, na ajue kwamba uzito ukipungua huenda akashika kwa urahisi kuliko zamani. Kwa aliyechepushwa utumbo vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana. Sindano au kijiti ni bora. Mwenye kisukari anayetumia insulini apimwe sukari kila siku tangu mwanzo, kwa maana kipimo cha dawa alichokizoea kinaweza kuwa kikubwa mno baada ya siku chache tu.

Vitamini ni za maisha yote, pamoja na madini ya chuma na kalsiamu, na vitamini B12, ambayo wengine huipata kwa sindano. Chuma na kalsiamu visimezwe kwa wakati mmoja, na chuma kisifuatishwe kwa chai. Akiumwa kichwa au mgongo asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwenye duka la dawa, kwa sababu huchoma tumbo likafanya vidonda, bali anywe parasetamoli. Maumivu makali ya tumbo, homa, moyo kwenda mbio katika siku za mwanzo, au kinyesi cheusi, ni mambo ya kukimbiza hospitalini siku hiyo hiyo, Kilosa mjini au Mtakatifu Kizito kule Mikumi. Kubwa zaidi ni kutapika kusikokoma. Kwa wiki chache tu mwili huishiwa na vitamini B1, na mgonjwa wa hali hiyo akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1, ubongo wake waweza kudhurika asipone tena. Muuguzi wa zahanati, ambaye pengine hajawahi kumhudumia mtu wa namna hii, hawezi kuyabashiri hayo kwa kumtazama tu. Kwa hiyo mgonjwa, tangu siku atokayo hospitalini, awe na daftari lenye jina la upasuaji aliofanyiwa, tarehe yake, dawa anazomeza, namba ya simu ya kitengo kilichompasua, na mstari mmoja ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba akitapika apewe kwanza vitamini B1. Na mtu wa pili nyumbani ajue lilipowekwa.