Yai Linapoamshwa

Simulizi ya kutunga mimba tumeizoea kama mbio: mamilioni ya mbegu za kiume, moja ikashinda, ikaingia, basi. Wanaochunguza seli huona kazi kubwa inaanzia hapo, na karibu yote hufanywa na yai.

Yai la mwanamke hutoka kwenye ovari likiwa limesimama katikati ya mgawanyiko wake wa mwisho. Kinacholiamsha ni kalsiamu, hiyo hiyo ya mifupa na maziwa. Ndani ya yai tulivu kalsiamu iliyo huru ni haba mno, pungufu kama mara 10,000 kuliko iliyoko nje. Akiba ya yai imefungiwa ndani ya vifuko vya utando.

Mbegu huja na ufunguo, protini iitwayo PLC zeta, iliyotambuliwa mwaka 2002 na watafiti wa Cardiff na wenzao. Hukata aina fulani ya mafuta ya utando, na kipande kinachobanduka, IP3, hufungua milango ya vifuko. Kalsiamu inayomwagika huchochea milango ya jirani nayo ifunguke, kama moto unavyorukia kuti hadi kuti.

Wimbi hilo limeonekana kwa macho. Miaka ya 1970 watafiti waliyadunga mayai ya medaka, samaki mdogo wa Japani, protini ya konyeza inayong'aa ikikutana na kalsiamu. Yai liliporutubishwa, mwanga ulichomoza upande inakoingilia mbegu, ukatambaa hadi ncha ya pili, ukazimika.

Kwa medaka wimbi hupita mara moja. Kwa mamalia hurudi tena na tena kwa saa kadhaa. Kwenye yai la panya, kila baada ya dakika kumi hivi au zaidi. Kwa kuchochewa na kalsiamu hiyo, vijifuko vingine vilivyojipanga chini ya ngozi ya yai hupasuka na kulikaza ganda lake laini, mbegu nyingine zisipite, maana mbili zikiingia kiinitete huharibika. Kisha yai humaliza mgawanyiko wake na kutupa nusu ya kromosomu zilizobaki.

Wanaotafuta mtoto kliniki wanahusika hapa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mbegu moja huweza kudungwa moja kwa moja ndani ya yai, lakini mara chache mayai yote hubaki yamelala. Lawama huangukia yai, yaani mwanamke, kwa haraka nisiyoipenda. Wapo wanaume ambao mbegu zao zina vichwa vya mviringo, au jeni yenye hitilafu, na PLC zeta haimo au haifanyi kazi. Kwa wenza hao, maabara hulitia yai kwenye dawa inayopitisha kalsiamu. Dawa hiyo haiigi yale mawimbi ya saa nyingi. Hupandisha kalsiamu kwa mkupuo tu. Hata hivyo, watoto wamezaliwa kwa njia hiyo.