Pirethrini katika Wikipedia: Kila Dai na Chanzo Chake
Makala ya Wikipedia kuhusu pirethrini, yaani kundi la kampaundi sita zinazoua wadudu na zinazopatikana katika maua ya pareto, yanayolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, yaweza kuhaririwa na wengi, lakini kila dai linalotiliwa shaka hudai rejeo la chapisho linaloaminika. Hata mkemia aliyezipima mwenyewe maabarani haruhusiwi kuingiza matokeo yake kabla hayajachapishwa kwingine, sharti linaloweza kumuudhi mtaalamu ingawa ndilo kinga ya msomaji. Kosa jepesi zaidi ni kuzichanganya na pirethroidi, ambazo huundwa viwandani kwa kuiga pirethrini, kama vile permethrini inayotiwa katika vyandarua. Chanzo kinachoeleza permethrini hakithibitishi lolote kuhusu ua la pareto, hata majina yakaribiane vipi. Kuhusu muundo wa molekuli, makala za wakemia Staudinger na Ruzicka za mwaka 1924 zina hadhi ya kihistoria, ila mhariri makini hutanguliza maandishi ya mapitio ya baadaye, kwani wawili hao walikosea sehemu ya muundo huo, na wakemia waliowafuata wakaisahihisha.