Mifumo Endeshi Miwili katika Kompyuta Moja: Mkongwe Hutangulia

Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuna Chuo cha Misitu na msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na katika taaluma inayofundishwa huko kumbukumbu za upimaji hudumu kuliko kompyuta zilizotumika kuziandaa. Msonobari wa mbao huweza kukaa shambani miaka 20 hadi 25 kabla ya kuvunwa, ilhali Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikoma kupata masahihisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, wakati miche iliyopandwa mwaka huo wa 2001 ilikuwa bado haijafikia umri wa kuvunwa.

Mfano ulio wazi wa programu iliyoachwa nyuma hivyo ni ArcView GIS 3, programu ya kuchora na kuchambua ramani iliyoenea sana miaka ya 1990. Kisakinishi chake kiliandikwa kwa biti 16, na matoleo ya Windows ya biti 64 hayaendeshi kabisa programu za aina hiyo. Ikiwa kilichobaki ni faili za ramani za aina ya shapefile, hakuna haja ya kufufua mfumo wa zamani, kwa kuwa QGIS, programu ya bure, huzisoma vizuri. Lakini faili za mradi zenye kiambishi .apr, pamoja na amri zilizoandikwa kwa lugha ya Avenue, kwa kawaida huhitaji ArcView yenyewe, na hapo ndipo huja wazo la kuweka mifumo endeshi miwili, yaani programu kuu mbili zinazosimamia kompyuta, ndani ya mashine moja.

Ugumu wa kazi hii umo katika sekunde za kwanza baada ya kompyuta kuwashwa. Katika mashine za zamani, BIOS, ambayo ni programu iliyohifadhiwa kwenye madhabodi, husoma sekta ya kwanza ya diski yenye baiti 512, ambamo mna msimbo wa kuanzishia na jedwali la partisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa. Msimbo huo huita programu anzishi ya mfumo: Windows XP hutumia NTLDR, na matoleo kuanzia Vista hutumia BOOTMGR. BOOTMGR inaifahamu NTLDR na huweza kuipisha, lakini NTLDR, kwa kuwa ilitungwa mapema zaidi, haiwezi kuuanzisha mfumo uliokuja baada yake. Kwa hiyo fundi akisakinisha Windows XP kwenye kompyuta yenye Windows 7, sekta ya kwanza huandikwa upya na mashine huingia XP moja kwa moja, kana kwamba Windows 7 haikuwahi kuwapo, ingawa faili zake zote zimo salama katika partisheni yake.

Kanuni inayotokana na hayo ni kwamba mfumo wa zamani husakinishwa kwanza na mpya hufuata, kila mmoja katika partisheni yake. Kama mpya umekwisha kuwapo, huandaliwa nakala rudufu ya kazi zote, partisheni hupunguzwa, wa zamani husakinishwa, kisha diski ya usakinishaji ya mfumo mpya hutumika kurudisha msimbo wake na kuuongeza wa zamani kwenye menyu ya kuanzishia. Ugawaji wa diski haufai kufanywa bila betri iliyojaa au UPS, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, data inaweza kupotea. Aidha, XP haina draiva ya diski za SATA zilizo katika hali ya AHCI, mojawapo ya njia za kompyuta kuwasiliana na diski, hivyo usakinishaji hukwama kwenye skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B. Dawa yake ni kuchagua hali ya IDE katika BIOS, na uchaguzi huo hufanywa kabla ya kusakinisha mfumo wowote.

Kompyuta za sasa hutumia UEFI badala ya BIOS, na jedwali la partisheni la GPT, ambalo XP ya biti 32 haiwezi kuanzia. Kwa hizo, njia bora ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoigwa ndani ya programu kama VirtualBox, na kwa kuwa XP iliridhika na megabaiti 128 za kumbukumbu, hata kompyuta ya kawaida huimudu.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, mfumo usiopata tena masahihisho usiunganishwe na intaneti, na flashi inayotumika kuhamishia faili ikaguliwe virusi kwanza. Vyuo na ofisi zenye ramani za zamani zinapaswa kuutumia mfumo huo kuhamishia kazi zao katika miundo inayosomeka leo, tena mapema, wakati diski zilizozihifadhi bado zinafanya kazi.