Fahamu: Ice-T, rapa aliyewakera polisi kisha akavaa beji yao

Kwa zaidi ya miaka 20, Wamarekani wamezoea kumwona Ice-T kwenye runinga akiwatia watu pingu. Anaigiza kama Fin Tutuola, mpelelezi katika tamthilia ya Law & Order: SVU, aliyojiunga nayo mwaka 2000. 

Ukilijua hilo, rudi mwaka 1992. Bendi yake, Body Count, ilitoa "Cop Killer", yaani "Muuaji wa Polisi", wimbo uliowachefua polisi. Vyama vyao vilitaka kampuni ya Time Warner, mmiliki wa lebo iliyoutoa, isusiwe, naye Makamu wa Rais Dan Quayle akaushutumu. Mwishowe Ice-T mwenyewe aliuondoa kwenye albamu. Wengi bado huuita wimbo wa rap. Sivyo, ni magitaa matupu, tena ya kelele.

Cha kuchekesha, mwaka mmoja kabla alikuwa ameshaigiza polisi. Katika filamu ya New Jack City yeye ndiye Scotty Appleton, mpelelezi mwenye rasta anayelifukuzia genge la wauza kokeini.

Alizaliwa Newark mwaka 1958 kwa jina la Tracy Marrow, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto, akakulia kwa ndugu zake Los Angeles. Jeshini alipita pia. Filamu alizianza kwa Breakin' ya 1984, filamu ya wacheza dansi wa mtaani.

Body Count nayo haikufa: mwaka 2021 ilinyakua tuzo ya Grammy.