Shokapu Hazibebi Mzigo

Mwenye Land Cruiser pikapu ya miaka ya 1990 akiona gari lake limekaa chini nyuma na taa zinamulika matawi ya miti, neno la kwanza analotamka kwenye duka la spea hapa Tororo, Uganda, ni shokapu. Anauziwa nne, fundi anazifunga, na jioni gari limelala vilevile. Hakuibiwa, aliulizia kifaa kisichohusika. Uzito wa gari na mzigo wake hukaa juu ya springi. Shokapu imewekwa pale ili springi iliyobonyea kwenye shimo isirudi kwa fujo na kuendelea kudunda.

Gari kama hilo lina sababu ya kutunzwa. Toyota ilianza kutengeneza mfululizo wa 70 mwaka 1984, na pikapu zake za kazi zilikuwa na springi za majani mbele na nyuma hadi 1999, mbele ilipowekwa koili. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yaliyofikisha umri wa miaka 15, na ng'ambo ya mpaka wa Malaba, Kenya inakomea miaka minane. Kwa hiyo Land Cruiser ya majani pande zote nne haiagizwi tena. Iliyopo ndiyo iliyopo, na mtu anayeitegemea hana budi kujua kinachokufa chini yake.

Ndani ya shokapu mna mafuta, na ndani ya mafuta mna pistoni yenye vitundu na vali ndogo. Tairi linapopanda na kushuka, pistoni huyalazimisha mafuta kupenya vitundu hivyo kwa shida, na nguvu ya kudunda hugeuka joto. Ukienda mwendo mrefu kwenye murramu iliyofanya mawimbi, mafuta yakichemka na kuchanganyika na hewa hufanya povu, na povu halina ukinzani. Ndipo gari linapoanza kuelea hata ukiushika usukani kwa mikono miwili. Lakini joto hilo hilo ni kipimo kizuri. Simama baada ya safari, ziguse shokapu kwa uangalifu moja moja. Iliyobaki baridi wakati wenzake wana moto haifanyi kazi. Nalipenda jaribio hili kuliko lile la kukalia bampa na kuhesabu gari linadunda mara ngapi, kwa sababu majani ya springi yana msuguano wao kwa wao na huweza kuificha shokapu mbovu. Unyevu mwepesi karibu na sili usikutishe. Mafuta yanayotiririka na kukusanya vumbi hadi chini ni hukumu.

Springi hufa kwa namna yake. Chuma kilichobebeshwa kupita kiasi miaka nenda miaka rudi hupoteza kimo kuliko kinavyopoteza ugumu: ukikibonyeza bado kinasukuma, ila kinaanzia chini. Nafasi kati ya ekseli na mpira wa kugongea kwenye chesisi inapungua, na shokapu nayo inafanya kazi ikiwa imejikunja karibu na mwisho wa safari yake. Shimo moja la maana, pistoni inagonga kitako. Ndiyo maana shokapu mpya juu ya springi zilizolala hazidumu, na mwenye gari anabaki kulaumu kampuni iliyozitengeneza.

Basi kabla ya kununua chochote, pima. Egesha gari kwenye sakafu tambarare, uwanja wa kituo cha mafuta unatosha, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi juu yake, pembe zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakuvurugia hesabu. Upande wa dereva kuwa chini kidogo ni jambo la kawaida kwa gari la zamani. Tofauti ikifika sentimita tatu, ingia chini utafute jani lililovunjika au bushi iliyobaki makombo.

Swali linalofuata ndilo gumu kuliko yote, na wauzaji hawaliulizi: unabeba nini siku zote? Tororo ni mji wa saruji tangu miaka ya 1950, na mfuko una kilo 50. Mifuko 20 ni tani nzima. Anayepakia tani hiyo kila siku, na anayeipakia mara moja tu akijenga kisha akabaki kubeba watoto na mikungu ya matoke, hawafai kununua springi za aina moja. Springi za mzigo mzito chini ya gari tupu hazipindi. Tairi linaruka juu ya mawe badala ya kuyafuata, na kwenye utelezi wa miteremko ya Mlima Elgon msimu wa mvua, tairi lisilogusa chini halishiki wala halifungi breki. Chagua kwa mzigo wa kila siku. Siku ya saruji nyingi, kodi lori.

Wako mafundi wa kandokando ya barabara watakaokuongezea jani la lori kwa bei nafuu. Siwaungi mkono. Jani lenye unene na mkunjo tofauti halishirikiani na wenzake. Hubeba peke yake au huachia wengine, na jani kuu hukatika. Kulichomelea jani lililopasuka ni kupoteza umeme, kwani litapasuka tena kando ya kiungo. Kulipasha moto na kulipiga nyundo ili lipande huondoa ugumu ambao kiwandani ulipatikana kwa joto lililopimwa na kupozwa kwa utaratibu. Litapanda, kweli, kisha litalala tena.

Kuhusu mitumba kutoka Japani nina msimamo wa nusu kwa nusu. Springi iliyotumika naikubali ikiwa haina kutu iliyokula chuma na majani yake yote yamelala sawasawa. Shokapu iliyotumika, hapana. Tororo iko kati ya masoko mawili makubwa, Kisekka la Kampala na maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, na bidhaa feki hutoka kote kuwili zikiwa kwenye maboksi mazuri. Nenda na namba ya spea na vipimo viwili, urefu wa shokapu ikivutwa na ikibonyezwa. Dai risiti. Ukiinua gari kwa springi ndefu halafu ukabakiza shokapu fupi, zitakuwa ndizo zinazoizuia ekseli isishuke, na zitang'oka vichwani.

Kazi yenyewe huanza jana yake, kwa kulowesha nati zote mafuta ya kulegeza kutu. Moto wa gesi uwe wa mwisho kabisa, na kamwe usiwe karibu na tangi wala mipira ya breki. Gari likae juu ya stendi za chuma chini ya chesisi. Jeki peke yake isishikilie gari mtu akiwa chini yake. Ekseli ikishuka, angalia mpira wa breki usivutike. Ukitoa springi utaona boliti ya katikati, ile inayofunga majani pamoja na kuiweka ekseli mahali pake. Ikikatika, ekseli husogea na gari hutembea upande upande kama kaa, hata kama usukani umenyooka. Ibadilishe. Yu-bolti nazo zisirudishwe, kwa sababu zikishakazwa mara moja zimekwisha kuvutika. Ukiwa hapo chini, sugua chesisi kwa brashi ya waya kwenye vishikio vya springi na vya shokapu, utafute nyufa.

Shokapu mpya za aina ya mirija miwili ambazo zimelazwa dukani huwa zimeingiza hewa mahali pasipostahili. Simamisha kila moja wima, ivute na kuibonyeza mara kadhaa hadi ule ulegevu wa mwanzo uishe, ndipo uifunge.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kukaza bushi za mpira gari likiwa bado juu. Mpira unabanwa ukiwa kwenye pembe isiyo yake, gari likishuka unajinyonga, na baada ya muda mfupi unachanika. Zifunge kwa mkono tu, teremsha gari likanyage kwa uzito wake, litikise, kisha kaza.

Hilux nyingi na baadhi ya Land Cruiser zina vali ya breki ya nyuma inayoongozwa na fimbo iliyoshikana na ekseli. Gari likiinuka nyuma, vali hudhani halina mzigo, hivyo hupunguza breki za nyuma. Fundi akibadilisha springi bila kuirekebisha fimbo hiyo, amekuachia kazi nusu. Mwulize kabla hujalipa.

Ukifika kilomita 500, rudi gereji ukaze yu-bolti upya. Majani mapya hukaa na rangi kati yake husagika, hivyo nati iliyokuwa ngumu siku ya kwanza utaikuta imelegea.