Ukuta chini ya takataka

Katika mji wa Cairo, inchi ya Misri, watu walitupa takataka mahali pamoja miaka 500, hata pakawa kilima. Walipochimba ili kufanya bustani, ukatokea ukuta wa mawe, mita 1500 hivi. Sultani Saladini aliuanza katika karne ya 12 ili kuulinda mji.

Kuujenga upya wote kungekuwa rahisi, lakini basi usingekuwa ukuta wa Saladini tena. Kwa hiyo jiwe zima liliachwa. Lililooza lilitolewa, na mafundi wakachonga lingine kwa mkono. Vijana wa mtaa wa karibu, mtaa wa masikini, walifundishwa kazi hiyo.

Udongo wa kilima ulikuwa na chumvi. Wakaleta mwingine, wakapanda miti. Bustani ilifunguliwa mwaka wa 2005.