Bajeti imepitishwa, pesa ziko wapi? Masaibu ya maafisa wa kaunti

KILA mwaka siku za mwisho za Juni zinapowadia, taa za afisi za fedha katika makao makuu ya kaunti nyingi huwaka hadi usiku wa manane. Wahasibu hukesha mbele ya kompyuta wakijaribu kuingiza malipo katika mfumo wa IFMIS kabla ya mwaka wa kifedha kufungwa Juni 30. Nje, wanakandarasi na wafanyabiashara walioiuzia kaunti bidhaa hungoja, kila mmoja na nakala za ankara zake mkononi.

Mpitanjia huenda akadhani huo ni uzembe tu wa watumishi wa umma. Uzembe upo, na ufisadi upo vilevile. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimejaa mifano. Lakini pilkapilka za Juni zina chanzo kingine kisichoelezwa mara nyingi. Afisa wa kaunti hufuata kalenda mbili zisizopatana: moja ya sheria, nyingine ya pesa zenyewe.

Kalenda ya sheria ni nyoofu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kila kaunti sharti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, miezi kumi kabla ya mwaka unaopangiwa kuanza. Kufikia Februari 28, taarifa ya sera za fedha huwa mezani; kufikia Aprili 30, makadirio yenyewe ya mapato na matumizi; na kabla ya Juni kwisha madiwani huwa wameyapitisha.

Chukua mfano wa zahanati ndogo katika mojawapo ya wadi 1,450 zilizoko nchini. Wakazi wanakutana chini ya hema, kwa kuwa Katiba inadai washirikishwe. Akina mama wanalalamika kwamba hutembea mwendo mrefu wakiwa na watoto wagonjwa mgongoni. Msimamizi wa wadi ananakili, diwani anaahidi kulifuatilia suala hilo. Ombi linaingia katika mpango wa mwaka, kisha katika makadirio, kisha linapigiwa kura. Julai inapofika, zahanati imo katika kitabu cha bajeti, na kiasi chake cha pesa kimeandikwa kando ya jina lake. Kwa wakazi, pesa zimekwisha kutolewa.

Kwa afisa mkuu wa idara ya afya, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Pesa za kaunti hutoka katika mifuko mitatu: mgao wa mapato ya kitaifa, misaada yenye masharti kutoka serikali kuu na wafadhili, na ushuru na ada ambazo kaunti hukusanya yenyewe. Mgao wa kitaifa ndio uti wa mgongo. Kifungu cha 203 cha Katiba kinasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Ulianza kwa Sh190 bilioni mwaka wa kifedha wa 2013/2014, ugatuzi ulipozaliwa, na kufikia Sh415 bilioni mwaka wa 2025/2026.

Kiasi hicho, hata hivyo, hujadiliwa upya kila mwaka, na mjadala huo mara nyingi hupita tarehe ambayo kaunti zinatakiwa kuwa na bajeti. Mnamo 2019, Bunge la Kitaifa lilishikilia Sh310 bilioni na Seneti ikadai Sh335 bilioni. Magavana waliandamana jijini Nairobi na kufika hadi Mahakama ya Juu. Ilikuwa Septemba wakati pande hizo mbili zilipokubaliana kuhusu Sh316.5 bilioni. Mwaka uliofuata maseneta wenyewe waligawanyika kuhusu mfumo wa kugawa fedha baina ya kaunti, kikao baada ya kikao, hadi Septemba 17, 2020, huku Baraza la Magavana likiwa limetangaza kwamba huduma zingesimamishwa.

Mwaka wa 2024 ulikuwa mgumu zaidi kumweleza mwananchi. Bunge lilikuwa limeidhinisha Sh400.1 bilioni na kaunti zikapanga bajeti zao kwa msingi huo. Kisha maandamano ya vijana ya Juni yakamfanya Rais William Ruto kuuondoa Mswada wa Fedha. Serikali ya kitaifa ikasema mapato yaliyotarajiwa hayapo tena, ikataka mgao upunguzwe hadi Sh380 bilioni. Seneti ikakataa. Kamati ya upatanishi ilipofikia Sh387.4 bilioni, nusu ya kwanza ya mwaka wa kifedha ilikuwa ikielekea kwisha.

Mgao ukipunguzwa namna hiyo, kaunti huandaa bajeti ya ziada, na hapo ndipo miradi kama ile zahanati hupotea. Mshahara wa muuguzi haukatwi katikati ya mwaka, wala mafuta ya ambulansi. Jengo ambalo halijachimbwa msingi halina mtetezi ila diwani wake, na kila diwani ana jengo lake.

Hata kiasi kikishakubaliwa, pesa hazitiririki kwa wakati. Sheria inaitaka Wizara ya Fedha kuzituma mwanzoni mwa kila robo ya mwaka, kabla ya siku 15 kupita, kulingana na ratiba iliyoidhinishwa na Seneti. Magavana wamelalamika mwaka baada ya mwaka kuhusu malimbikizo ya miezi miwili, mitatu au zaidi. Wizara nayo hujibu kwamba haiwezi kutuma kisichokusanywa. Jibu hilo lina ukweli wake: malipo ya deni la taifa hukatwa kwanza kisheria, na wanaodai nje ya nchi hawaelewi lugha ya subira. Mpishi wa hospitali ya kaunti hutakiwa kuielewa.

Pesa zikifika katika akaunti ya mapato ya kaunti kwenye Benki Kuu, bado haziguswi. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka Msimamizi wa Bajeti aidhinishe kila kiasi kinachotolewa. Afisi hiyo, ambayo Dkt Margaret Nyakang'o alianza kuiongoza Disemba 2019, hukagua ombi dhidi ya bajeti iliyopitishwa, na lenye kasoro hurudishwa. Maafisa wa kaunti hulalamikia hatua hii kuliko zote. Yeyote anayekumbuka jinsi mabaraza ya miji 175 yaliyotangulia kaunti yalivyoendeshwa atakubali kwamba ni afadhali mlango huo uwe mwembamba. Lakini kila ombi linaporudishwa siku zinapita, na nyingi ya kasoro hizo ni za kaunti zenyewe: stakabadhi zilizokosekana, au mradi ulioombewa pesa bila kuwa katika bajeti.

Idhini ikipatikana, mishahara hutangulia. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu, ilhali kaunti nyingi zimekuwa zikivuka kikomo hicho. Zilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya zamani na wa wizara zilizogatuliwa mnamo 2013, wakiwemo madaktari na wauguzi, kisha zikaajiri wengine, baadhi yao wakiwa jamaa na wapiga debe wa wakubwa. Sheria hiyo hiyo ya fedha inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Katika makaratasi masharti yote mawili hutimizwa kwa urahisi. Pesa zinapokuja kwa mafungu na kwa kuchelewa, kila fungu humezwa na mishahara, na maendeleo hungoja fungu linalofuata.

Kwa hivyo afisa mkuu anaweza kuwa na bajeti halali ya zahanati tangu Julai na asione shilingi yake hadi Aprili au Mei. Je, angoje? Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inamruhusu kutangaza zabuni iwapo pesa zimo katika bajeti iliyoidhinishwa. Haisemi ziwe benki. Akingoja pesa, muda hautatosha. Zabuni hutangazwa, hufunguliwa, hutathminiwa. Mshindi akijulishwa, siku 14 sharti zipite kabla ya mkataba kutiwa sahihi, na mshindani asiyeridhika akienda kwa bodi ya rufaa, siku 21 nyingine huenda zikapita kabla ya uamuzi. Akianza mapema, mwanakandarasi atamaliza msingi na kuleta ankara ambayo haina cha kuilipa.

Wengi huanza mapema. Kisheria hawajakosea, na hivyo ndivyo deni huzaliwa bila mtu kuiba chochote.

Lakini kuna deni jingine ambalo kaunti hujitakia, nalo hutoka katika mfuko wa tatu. Ada za maegesho, vibali vya biashara, kodi ya ardhi na ada za masoko hukadiriwa mwanzoni mwa mwaka, na kaunti nyingi hukadiria kupita uwezo wao. Sababu yake si siri. Bajeti sharti ilingane, mapato kwa matumizi. Wakati madiwani wanapodai kila wadi ipate mradi na gavana naye ana ahadi za kampeni, orodha ya matumizi hurefuka. Mgao wa kitaifa hauwezi kuongezwa kwa kalamu. Makadirio ya ushuru wa ndani yanaweza. Afisa wa mapato, ambaye anajua soko lilileta kiasi gani mwaka uliopita, huombwa "kujitahidi", na tarakimu hupanda.

Msimamizi wa Bajeti ameonya mara kwa mara kuhusu tabia hiyo. Madhara yake ni ya moja kwa moja: ikiwa kaunti ilitarajia shilingi tatu na ikakusanya mbili, lakini ikatia sahihi mikataba ya shilingi tatu, shilingi moja ni deni hata kama Wizara ya Fedha ingetuma mgao wake wote kwa wakati. Hapa magavana hawawezi kumlaumu mtu wa Nairobi.

Kufikia Juni 30, 2024, bili ambazo kaunti hazikuwa zimelipa zilipita Sh180 bilioni. Zaidi ya nusu yake ilikuwa ya Kaunti ya Nairobi, na sehemu ya deni hilo la jiji kuu ilirithiwa kutoka kwa baraza lililokuwepo kabla ya 2013. Nyuma ya jumla hiyo wamo watu waliochukua mikopo ya benki kununua saruji, dawa au unga. Wamo vijana na akina mama waliohimizwa kuomba asilimia 30 ya zabuni iliyotengwa kwa ajili yao na watu wenye ulemavu. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kungoja miaka miwili. Mama aliyeweka rehani shamba ili kuiuzia hospitali maziwa hawezi.

Pesa chache zinapofika Juni, ni nani alipwe kwanza? Hili ndilo swali analolikabili afisa mkuu usiku ule taa zikiwaka. Ana orodha ya wanaodai na tarehe za ankara zao. Ana simu kutoka kwa madiwani. Ana amri za mahakama zilizopatikana na wenye mawakili. Afuate utaratibu wa aliyetangulia kuhudumu, atawaudhi wakubwa wake. Asipoufuata, aliyerukwa atauliza kwa nini.

Sahihi ni yake. Kifungu cha 226 cha Katiba kinasema mtumishi wa umma anayeelekeza au kuidhinisha pesa kutumiwa kinyume cha sheria atawajibikia hasara hiyo yeye binafsi, awe angali kazini au ameondoka. Gavana aliyempigia simu hakuandika chochote. Mkaguzi akija, hupata karatasi moja yenye jina moja. Ndiyo sababu baadhi ya maafisa huona heri wasilipe kabisa, pesa zirudi katika akaunti ya mapato na mwaka ufungwe. Kutolipa huleta lawama. Kulipa vibaya huweza kuleta wapelelezi wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Baadhi ya njia zimeanza kuzibuliwa. Sheria iliyotiwa sahihi Oktoba 2023 inaruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia papo hapo, badala ya kuzipeleka makao makuu ya kaunti na kungoja zirudi. Hospitali yenye wagonjwa wengi inaweza sasa kununua glavu bila kusubiri mgao. Hata hivyo, pesa hizo nazo hutegemea sana malipo ya bima ya afya, na bima hiyo, kwanza NHIF na tangu Oktoba 2024 mamlaka mpya ya SHA, imekuwa na malimbikizo yake.

Kuhusu zahanati ya wadi, hakuna sheria mpya. Juni 30 ikipita, idhini ya kutumia pesa za mwaka huo hukoma hata kama mgao wa mwisho umeingia benki siku hiyo. Sharti ziingizwe upya katika bajeti ya mwaka unaoanza, pamoja na deni la msingi uliochimbwa. Mwanakandarasi amekwisha kuwaondoa vibarua wake. Afisa mkuu naye hana budi kuwa na mpango mwingine mezani kufikia Septemba 1. Zahanati imo tena humo, safari hii katika orodha ya miradi isiyokamilika, kuta zake zikiwa zimefika kimo cha madirisha.